Jumba la nyanya Kibokoni hatukuliuza, tumewapa watu wa mtaa walifanyie kazi: uzi kwa kila mwenye nyumba ya kale Mombasa

Mjukuu wa Kibokoni (ameanzisha uzi)

Assalamu alaikum wenzangu, na hamjambo nyote.

Uzi huu niliuahidi tangu Ramadhani kwa wale tuliokuwa tukibishana kama nyumba za Mji wa Kale ziuzwe au zihifadhiwe. Nilitaka kwanza masika yapite nione ukuta utafanya nini. Masika yamepita, ukuta ni mkavu, sasa naweza kuandika kwa uhakika.

Nyanya yangu alituachia jumba la ghorofa moja Kibokoni. Mawe ya matumbawe, boriti za mkoko, roshani ya mbao upande wa njiani, baraza mbili kulia na kushoto kwa mlango. Chini palikuwa duka la babu na stoo ya nafaka, juu ndiko tulikolelewa. Alipofariki, warithi tulikuwa 11: wengine Kisauni, wengine Likoni, watatu Nairobi, mmoja Jeddah. Kila mtu na lake. Nyumba ikafungwa kufuli miaka sita.

Aliyewahi kufunga nyumba ya mawe anajua kilichofuata. Bati moja lilitoboka juu ya chumba cha nyuma na hapakuwa na mtu anayelala pale akasikia tone. Maji yakashuka ndani ya ukuta, yakafika kwenye vichwa vya boriti, mchwa nao wakafuata unyevu. Siku tuliyofungua nilibonyeza boriti moja pale inapoingia ukutani, kidole kikazama kama kwenye mkate uliotiwa chai.

Mnunuzi alikuwepo tayari. Alitaka kiwanja tu, nyumba angeishusha apandishe vyumba vya kupangisha, na habari ya vibali akasema tumwachie yeye. Tulikaribia sana kumpa. Nayasema haya wazi kwa sababu najua wengi humu wako pale pale tulipokuwa sisi.

Tulichofanya ni hiki: sehemu ya chini tumewaachia watu wa mtaa kwa miaka mitano, kwa karatasi iliyotiwa sahihi na warithi wote 11. Asubuhi kina mama wanadarizi kofia na kushona. Watoto wakitoka skuli na kabla ya kwenda chuoni kusoma Qur'ani wana chumba cha kusomea. Jioni vijana wanarekodi mashairi na kujifunza kuhariri picha na video. Juu amehamia binamu yangu na mkewe na watoto, na hilo kwangu ni muhimu kuliko yote ya chini, maana sasa yupo anayesikia tone.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema kwa urefu. Tunapozungumza kuhusu kuokoa majengo ya kale tunaanza na rangi, kibao ukutani na watalii. Nyumba yetu ilianza kupona siku watu walipoanza kuingia na kutoka.

Wala si jambo geni hapa kwetu. Tazameni Ngomeni. Wareno waliijenga Fort Jesus kati ya 1593 na 1596, Waomani wakaitwaa 1698 baada ya kuizingira zaidi ya miaka miwili, Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, kisha 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. UNESCO wameitia kwenye urithi wa dunia mwaka 2011, lakini kufikia hapo ilikuwa imeshakuwa kambi, makazi na jela. Ingekaa tupu tangu Wareno watoke, leo tungekuwa na lundo la mawe. Na mkitoka pale mkashika Barabara ya Nkrumah, mahakama ya zamani iliyojengwa 1902 imekuwa ukumbi wa Makumbusho wa kuonyeshea kazi za sanaa. Palipokuwa pakihukumiwa watu, sasa watoto wa skuli wanatundikiwa michoro yao.

Nitaendelea na habari za warithi, kibali na gharama. Kwanza nimemwomba fundi wetu aeleze ukuta, maana mimi nitakosea.

Dada wa Kuze

MashaAllah. Nimepita hapo juzi nikasikia cherehani nikadhani kuna harusi karibu. Swali moja tu: mlivunja kuta za ndani kupata ukumbi? Nyumba yetu ina vyumba virefu vyembamba na kila mtu anayekuja na wazo anasema "bomoeni katikati".

Mjukuu wa Kibokoni

Hatukuvunja hata mmoja, dada yangu, nakuomba nanyi msivunje. Chumba chembamba kina sababu. Boriti ya mkoko ndiyo inayobeba dari, na urefu wake ndio unaopanga upana wa chumba, haupiti mita tatu hivi. Ukuta wa katikati unaotaka kuubomoa umebeba vichwa vya boriti kutoka pande mbili. Ukiutoa unaishusha ghorofa ya juu.

Sisi tuliuliza kinyume. Chumba hiki chembamba kirefu kinafaa kazi gani? Cherehani zikipangwa kwa mstari mmoja zinaenea vizuri na kila mshonaji anapata mwanga wa mlango au dirisha. Chumba cha nyuma hakina dirisha la njiani, ukuta wake ni mnene kupita urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, na ndani kimya kabisa. Hicho ndicho studio. Tuliweka mkeka, mapazia mazito na makatoni ya mayai kwenye dari, na kijana akirekodi huku tuktuk zikipita njiani husikii kitu. Kile cha kati, chenye vidaka ukutani, kimekuwa cha kusomea, vitabu vinakaa mle mle ndani ya vidaka.

Anayetaka ukumbi wa watu 100 atafute godauni. Nyumba ya Kiswahili ina baraza, daka (ukumbi mdogo wa kuingilia), ua wa ndani na vyumba, na watu 25 wanaenea humo kwa raha.

Fundi wa Chokaa

Salaam. Nimeombwa nieleze, nitaeleza kama ninavyowaeleza vijana wangu kazini.

Nyumba ile ilikuwa na ugonjwa mmoja mkubwa, nao ni saruji. Mtu fulani zamani aliona plasta ya chokaa inamomonyoka chini, akabandua, akapiga saruji kutoka sakafuni hadi kifuani. Kwa macho ilikuwa safi. Lakini ukuta wa matumbawe unanyonya maji kutoka ardhini siku zote, na hapa kwetu maji yale yana chumvi. Ukuta wa chokaa unayavuta halafu unayatoa kwa hewa. Ukiuziba kwa saruji maji hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi, na chumvi inajikusanya nyuma ya plasta. Tulipobandua saruji ile kwa patasi, ilitoka kwa mabapa makubwa, na nyuma yake chokaa ya kushikia mawe ilikuwa imegeuka unga. Ungeweza kuichota kwa kijiko. Mawe mengine yalitoka kwa mkono.

Tulibandua yote, tukaziba mashimo kwa vipande vya matumbawe na chokaa, halafu tukaacha. Kaskazi yote ukuta ulikaa wazi. Chumvi ilitoka nje nyeupe kama sukari, tunapangusa kwa brashi kavu, inatoka tena. Vijana walikuwa na haraka ya kufungua, nikawaambia ukuta ulionyweshwa miaka 20 haukauki kwa wiki mbili.

Chokaa yenyewe, kama hamna mtu wa tanuri, nunueni ya kujengea. Loweka ndani ya pipa, maji yasimame juu yake, iache wiki kadhaa, na ikikaa miezi ndiyo bora zaidi. Kama ni chokaa mbichi isiyozimwa, usiimwagie maji ukiwa umeinama juu yake, inachemka na kuruka, na jicho likiingia chokaa ni hospitali. Vaa miwani, vaa glovu. Plasta piga nyembamba, unene wa kidole kidogo, subiri ishike, piga ya pili. Kila siku nyunyiza maji na ufunike kwa magunia yaliyolowa, maana chokaa haishiki upesi kama saruji, inakomaa polepole kwa hewa. Ikikaushwa na jua kwa ghafla itapasuka.

Plasta ya chini ya kwanza hesabu kwamba ni ya kutupa. Itanyonya chumvi iliyobaki, baada ya mwaka mmoja au miwili unaibandua na kupiga nyingine. Wenye nyumba hawapendi kusikia hilo.

Na rangi. Mwaka 2018 kaunti iliamuru majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu. Mwenye ukuta wa matumbawe asipake rangi ya plastiki ya dukani, hiyo nayo inaziba kama saruji. Chokaa iliyozimuliwa maji inatosha, nyeupe yake inang'aa, na buluu inatiwa humo humo.

Mpangaji wa Bondeni

Fundi, na boriti zilizooza mlipata wapi nyingine? Mikoko siku hizi haikatwi ovyo.

Fundi wa Chokaa

Haikatwi ovyo na ni sawa, fukwe zetu zinaitaka. Katika chumba cha nyuma boriti 14, mbovu zilikuwa tatu. Mbili tulizipata kwa jamaa aliyekuwa akibomoa nyumba yake Makadara, nzima kabisa, zimekauka miaka na miaka. Ya tatu tuliweka mbao ngumu. Ukisikia mtu anabomoa, nenda na mkokoteni siku hiyo hiyo. Boriti, milango, vipande vya dari, usiache viende kuwa kuni.

Bi Mkubwa wa Mji wa Kale

Wanangu, nimesomewa uzi huu na mjukuu wangu nikamwambia aniandikie.

Jumba hilo nalijua. Nyanya yako, Mola amrehemu, nilikuwa nikienda kwake kushonewa. Sakafu ya juu ile ni ya chokaa na kokoto, ilipigwa kwa vipande vya mbao siku baada ya siku, watu wamepanga mstari wanapiga na kuimba, mpaka ikawa ngumu na laini kama sahani. Msije mkaiwekea vigae.

Nina moja nataka mlitie akilini. Nyumba zetu zilijengwa kwa kujua nani anafika wapi. Mgeni wa njiani anakaa barazani, anayejulikana anaingia daka, ndani ni pa wenyewe. Mkisema nyumba imekuwa ya mtaa mzima, je, mwanamke anayetaka kuja kudarizi anapita katikati ya vijana waliojaza baraza? Hatakuja. Atasema ana kazi nyumbani, nanyi mtadhani hataki. Mpeni saa zake, na mlango wa nyuma ufunguliwe.

Mjukuu wa Kibokoni

Shikamoo Bi Mkubwa. Hilo hatukulijua mwanzoni, na lilitokea kama ulivyosema. Mwezi wa kwanza kina mama walikuja watatu tu. Mke wa binamu yangu ndiye aliyetuambia sababu. Tukapanga asubuhi yote mpaka adhuhuri iwe ya kina mama, vijana waanze baada ya alasiri, na mlango wa nyuma unaotokea kwenye kichochoro tukautia bawaba mpya. Wiki mbili baadaye walikuwa 12, na mmoja akaja na cherehani yake mwenyewe akaiacha hapo.

Vigae hatuweki, Bi Mkubwa, nakuahidi.

Mzaliwa wa Shangani

Nawasalimu kutoka Unguja. Niongeze la huku kwetu.

Ngome Kongwe yetu imekuwa miaka nenda miaka rudi jukwaa la tamasha la muziki la Sauti za Busara na tamasha la filamu, na siku nyingine mafundi na wauza sanaa wamekuwa humo. Jumba la Forodha la zamani pale Mizingani lilifunguliwa 2002 kuwa skuli ya muziki, na kwa miaka mingi watoto walijifunza qanun, udi na fidla ndani yake. Zahanati ya zamani, ile yenye roshani za mbao zilizochongwa pale mbele ya bandari, ilikuwa inakufa mpaka shirika la Aga Khan la utamaduni lilipoikarabati miaka ya 1990 ikawa kituo cha utamaduni.

Lakini na la uchungu niseme. Beit al Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ilijengwa 1883, ilikuwa fahari ya mji wote. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ilianguka wakati ukarabati unaendelea, watu wawili wakafa. Mimi nilikuwa Darajani, nikasikia watu wanapiga kelele wanakimbilia baharini. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anasema "jengo limesimama miaka mia, halina neno", namjibu kwamba miaka mia ndiyo sababu ya kuita mhandisi. Msiingize watoto kabla mtu anayejua hajapanda juu akatazama.

Mjukuu wa Kibokoni

Ahsante sana, na pole kwa yote. Tulimwita mhandisi kabla ya kugusa chochote. Alituambia ghorofani wasikusanyike watu wengi mahali pamoja, ndiyo maana shughuli zote ziko chini na juu ni makazi tu. Kwenye roshani nako alituzuia: watu wasijazane kupiga picha. Tumeweka kamba.

Sasa warithi, maana ndio nusu ya kazi yote.

Tulikwenda kwanza Mahakama ya Kadhi kila mtu ajue fungu lake. Kabla ya hapo kila kikao kilikuwa ugomvi kwa sababu kila mtu alihesabu kwa kichwa chake. Mafungu yalipoandikwa, sauti zilishuka. Ami yangu mmoja aliyetaka kuuza hatukumlazimisha. Wawili wenye uwezo walimnunua fungu lake kwa malipo ya mwaka na nusu. Mjomba wa Jeddah alikubali baada ya kutumiwa video ya ukuta umebanduliwa, akasema anataka watoto wake wakija wapate pa kufikia. Tukaandika: miaka mitano, nyumba haiuzwi, haiwekwi rehani, faida ikipatikana inaanza kwenye paa, na kila mrithi ana haki ya kuja kutazama hesabu.

Kibali. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 ipo, kwa hivyo huwezi kubomoa, kuongeza ghorofa wala kugeuza sura ya nje bila idhini ya watu wa hifadhi na ya kaunti. Michoro yetu wataalamu wa hifadhi waliitazama vizuri, wakatusahihisha dirisha moja tulilotaka kulipanua, na walikuwa na haki. Barua nyingine ilikaa kwenye ofisi moja miezi minne bila jibu. Kila tukienda, anayehusika hayupo. Iliniumiza, kwa sababu kila wiki ya kungoja ilikuwa wiki ya mvua kuingia. Tulichoweza kufanya bila kibali ni kufunika paa kwa turubai, tukafunika.

Mfanyabiashara wa Ndia Kuu

Nimesoma kwa heshima na nampongeza. Lakini niulize kama mtu wa biashara: kwa nini si nyumba ya wageni? Vyumba vitano vya watalii vingelipa paa, mhandisi na fundi, na bado warithi wangegawana. Kofia na mashairi havilipi boriti.

Mjukuu wa Kibokoni

Ni swali halali, na ndani ya familia liliulizwa kwa sauti kubwa kuliko hiyo.

Nyumba za wageni zipo na zimeokoa majumba, sibishi. Nilipiga hesabu. Kwa vyumba vitano ningehitaji vyoo vitano na mabomba ya maji kupita ndani ya kuta za matumbawe, na fundi alikataa katakata kupitisha maji humo. Ningehitaji kumtoa binamu yangu juu. Na msimu mbaya ukija, kama ule wa korona, nyumba inarudi kwenye kufuli, na mmeshaona kufuli ilitufanyia nini.

Kuhusu pesa, hivi ndivyo ilivyo. Binamu yangu analipa kodi, si kubwa, inaingia mfuko wa paa. Kina mama wanatoa kidogo kwa kila kofia inayouzwa. Studio ni bure kwa vijana wa mtaa, anayetoka nje analipa kwa saa, na Ramadhani tulipata wasomaji wa kaswida waliolipa vizuri. Mama mmoja anauza kahawa tungu, mahamri na viazi karai barazani jioni na analipa stima ya mwezi. Kilichotushinda ni choo. Choo kimoja na shimo lake kimekula pesa kuliko ukuta wote, na hapo tulichangiwa na majirani na watu wa msikiti. Nasema hivi ili anayeanza aanze na choo kwenye hesabu yake, asianze na milango ya kuchonga.

Mwaka huu hatukupata hasara, wala warithi hawakugawana kitu. Kama kuna mrithi anayehitaji fedha sasa hivi kwa ugonjwa au skuli, mpango wetu haumfai, na si haki kumlaumu akitaka kuuza.

Mpangaji wa Bondeni

Sisi nyumba ni yetu lakini ardhi si yetu, tunalipa kodi ya ardhi tangu babu. Mnajua hali hii ya Mombasa. Nitatiaje pesa kwenye ukuta wakati mwenye ardhi anaweza kuamka na lake?

Dada wa Kuze

Na yetu ni wakfu, ndiyo maana nauliza maswali mengi.

Mjukuu wa Kibokoni

Dada, wakfu haiuzwi, kwa hivyo hofu ya mnunuzi mnayo ndogo kuliko yetu. Someni kwanza aliyeweka wakfu alitaka mapato yaende wapi, kwa msikiti, kwa maskini au kwa kizazi chake, halafu mwende kwa msimamizi wake na Tume ya Wakfu mkiwa na mpango ulioandikwa. Chumba cha kusomea watoto kwenye nyumba ya wakfu sidhani mtu ataona kimekwenda kinyume na nia, lakini idhini iwe ya maandishi.

Ndugu yangu wa Bondeni, kwako sina dawa, na sitakupa maneno ya kukupoza. Nyumba bila ardhi ni kidonda cha mji huu. Ningekuwa wewe nisingetia shilingi kwenye plasta kabla ya kupata karatasi ya miaka kadhaa kutoka kwa mwenye ardhi. Ziba paa, safisha mifereji ya maji ya mvua, hayo ni ya bei ndogo na yanaongeza maisha ya nyumba. Mengine yangoje karatasi.

Mjeledi wa Nairobi

Mimi ni wa huko huko, nafanya kazi Nairobi. Huku Book Bunk, shirika lililoanzishwa 2017, walizishika maktaba za zamani za jiji, wakafufua ya Kaloleni na ya Makadara, na ile kubwa ya McMillan ya 1931 nayo ilitiwa mikononi mwao. Ninachopenda ni kwamba waliwauliza watu wa mtaa wanataka nini kabla ya kuleta samani. Na huko kwetu pwani, Lamu, ngome ilikuwa jela mpaka 1984, leo ina makumbusho na maktaba.

Swali langu ni la ufunguo. Nani anaushika? Nimeona vituo viwili vya vijana vikifa kwa sababu mtu mmoja alikuwa na ufunguo, akasafiri.

Mjukuu wa Kibokoni

Umegusa penyewe. Funguo ni tatu. Mmoja anao binamu yangu juu, mmoja anao mama mzee kuliko wote kwenye darizi, mmoja anao kijana wa studio mwenye miaka 22. Mwanzoni mjomba wangu mmoja alikataa kijana apewe. Tulikubaliana ajaribiwe miezi mitatu. Kijana yule ndiye aliyegundua, usiku wa mvua kubwa mwezi wa tano, kwamba maji yanachuruzika karibu na waya wa stima kwenye daka. Akazima swichi kubwa, akampigia fundi, akakaa hapo mpaka saa nane usiku akikinga maji kwa beseni. Mjomba alipokuja asubuhi akamkuta amelala barazani, hakusema neno, akaenda kumnunulia chai na mahamri.

Na wanaotaka kuona mfano mkubwa zaidi kabla ya kuja kwetu, nendeni Kituo cha Utamaduni wa Kiswahili karibu na Ngomeni, chini ya Makumbusho, ambapo vijana wamekuwa wakifundishwa kuchonga mbao na ufundi mwingine wa kwetu. Swahilipot nao wako hapo tangu 2016, na siku yoyote mtakuta vijana wa kompyuta, wa redio na wa maigizo chini ya paa moja. Sisi tumejifunza mengi kwa kukaa pale tukitazama wanavyopanga saa zao.

Bi Mkubwa wa Mji wa Kale

Huyo kijana wa mvua ni wa nani? Mwambieni apite kwangu.

Mjukuu wa Kibokoni

Nitamleta mwenyewe, Bi Mkubwa.

Kilichobaki kwetu: paa la upande wa kusi bado ni la bati bovu, na plasta ya chini ya daka imeanza kutoa chumvi kama fundi alivyotabiri. Jumamosi hii baada ya alasiri tunazima chokaa, mapipa mawili, kwa ajili ya daka. Fundi amekubali kufundisha. Mwenye nyumba ya kale aje na mtu wake mmoja atakayeifanya kazi kwao, avae nguo asiyoijali na viatu vya kufunika. Miwani tunayo sita tu, mwenye yake aje nayo. Kina mama wanaotaka kujifunza, fundi atarudia Jumapili asubuhi, mlango wa nyuma utakuwa wazi.

Dada wa Kuze

Jumapili nitakuja na mdogo wangu. Tuje na magunia?

Fundi wa Chokaa

Njooni nayo, ya katani, si ya plastiki.